Methani ya baharini, ya Ziwa Kivu na ya zizini: ipi tuichukue na ipi tuiache

"Mwalimu, ikiwa chini ya bahari kuna barafu inayowaka moto, na Wajapani wamekwisha kuitoa, kwa nini sisi tunahimizwa kukoroga kinyesi cha ng'ombe?"

Swali hilo liliulizwa na mzee mmoja katika darasa la jioni ninalofundisha Kiswahili hapa Kisoro. Wanafunzi wangu wengi ni wafanyabiashara wanaovuka mipaka ya Bunagana na Cyanika, watu waliozungumza Kiswahili sokoni tangu ujanani na sasa wanataka kukiandika. Nilimwomba anipe muda, kwa sababu swali lake lilikuwa zito kuliko lilivyosikika: alitaka kujua kama sisi tunapewa makombo huku wengine wakila mnofu. Jibu langu nimeliandika hapa, kwa kuvipima pamoja vyanzo vitatu vya methani ambavyo mtu wa kusini-magharibi mwa Uganda anaweza kuvisikia vikitajwa: hidrati iliyoko chini ya bahari, gesi iliyoyeyuka katika vilindi vya Ziwa Kivu, na bayogesi itokanayo na samadi.

Gesi yenyewe haina tofauti. Methani ya bahari ya Japani, ya Ziwa Kivu na ya zizi la Nyakabande ni ileile, yenye atomi moja ya kaboni na nne za hidrojeni, isiyo na rangi wala harufu, na ikiwaka vizuri hutoa mwali uleule wa buluu. Kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza ipi inapika maharagwe vizuri zaidi. Swali ambalo mimi naliona linavitenganisha vyanzo hivi, kuliko hata bei na wingi, ni hili: gesi hii ikiachwa ilipo bila kuguswa na mtu, itafanya nini? Methani ikiponyoka hewani kabla ya kuungua hunasa joto takriban mara 80 kuliko hewa ya ukaa yenye uzito uleule katika miaka 20 ya mwanzo, na takriban mara 28 ukipima kwa miaka 100, kwa kuwa yenyewe hudumu hewani kwa miaka 12 hivi na kisha hupungua. Ikichomwa, hugeuka kuwa hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Maana yake ni kwamba kuichoma methani ambayo ingeponyoka hata hivyo ni kupunguza madhara, lakini kuifungua methani iliyokuwa imelala salama na kuichoma ni kuongeza mzigo mpya juu ya mzigo uliopo.

Barafu iliyofungia gesi

Kinachoitwa barafu inayowaka ni hidrati ya methani. Mahali penye baridi, mgandamizo mkubwa na methani ya kutosha, molekuli za maji hujipanga na kuwa vizimba vidogo, na ndani ya vizimba hivyo hufungiwa molekuli za gesi. Hutokea kitu cheupe kinachofanana na barafu ya kawaida, ambacho ukikitia kiberiti huwaka huku maji yakidondoka. Mita moja ya ujazo ya hidrati ikiyeyuka hutoa takriban mita za ujazo 160 za methani, na hapo ndipo tamaa inapoanzia. Baharini hali hiyo hupatikana ndani ya mashapo, yaani matope na mchanga uliotuama sakafuni, chini ya maji yenye kina cha kuanzia mita 300 hadi 500 na kuendelea, hasa kwenye miteremko ambako ukingo wa bara unashuka kuelekea vilindi. Nchi kavu hupatikana chini ya ardhi iliyoganda daima, kama vile Siberia, Alaska na kaskazini mwa Kanada. Makadirio ya wingi wake duniani yanatofautiana mno, lakini hata yale ya chini ni makubwa.

Si haki kuwalaumu Wajapani kwa kuitafuta. Japani huagiza karibu mafuta na gesi yake yote kutoka nje, na baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011 vinu vyake vya nyuklia vilizimwa kimoja baada ya kingine, nchi ikawa inategemea meli za gesi kutoka mbali. Chini ya bahari yake, kwenye bonde la Nankai, kulikuwa na hidrati iliyojaa katika tabaka za mchanga. Mwezi Machi 2013 meli ya uchorongaji iitwayo Chikyu ilitoboa kisima mahali ambapo maji yana kina cha takriban mita 1,000, ikapunguza mgandamizo ndani ya kisima kwa kuvuta maji, na hidrati ikaanza kuachia gesi yake. Hilo lilikuwa jaribio la kwanza duniani la kutoa gesi kutoka hidrati ya baharini. Lilidumu siku sita, likatoa mita za ujazo 120,000 hivi, kisha likasimama kwa sababu kisima kilijaa mchanga. Mwaka 2017 walirudi, na kisima kimoja kati ya viwili kikasumbuliwa na mchanga tena. Mwaka huohuo China ilitoa gesi kwa siku 60 katika eneo la Shenhu, kusini mwa nchi hiyo, na mwaka 2020, kwa kutumia kisima kinacholala mlalo ndani ya tabaka, ikapata mita za ujazo 861,400 kwa siku 30, yaani takriban 28,700 kwa siku.

Hesabu hiyo ya mwisho inahitaji kuwekwa katika kipimo tunachokifahamu. Mita moja ya ujazo ya methani ina nishati ya takriban kilowati-saa 10. Gesi ya siku moja ya jaribio la China la mwaka 2020, ikipelekwa kwenye mtambo mzuri wa kuzalisha umeme, ingeendesha mtambo wa megawati 5 hadi 7 hivi. Mtambo wa KivuWatt ulioko upande wa Rwanda wa Ziwa Kivu una uwezo wa megawati 26 na umekuwa ukifanya kazi tangu mwishoni mwa 2015. Sisemi hivyo kuidharau kazi ya wahandisi wa China, ambao walifanya jambo gumu sana. Nasema hivyo ili msomaji ajue kwamba anapolinganisha hidrati na vyanzo vingine, analinganisha majaribio ya wiki chache na mitambo inayowasha taa kila usiku.

Mchanga ule uliosimamisha kisima cha Nankai ndio unaoeleza hatari yenyewe ya mazingira, na ningependa tukae hapo kidogo. Katika tabaka nyingi za chini ya bahari, hidrati haiko pembeni mwa mchanga; ndiyo inayoushikamanisha, kama saruji inavyoshika kokoto. Ukiiyeyusha ili upate gesi, unakuwa umeondoa saruji. Chembe za mchanga zinabaki hazina kinachozishika, zinachukuliwa na maji na gesi kuelekea kisimani, na tabaka lililokuwa gumu linalegea na kudidimia. Kisima kinaweza kuwekewa chujio. Mteremko wa bahari hauwekewi chujio. Mashapo yaliyolegea kwenye mteremko yanaweza kuporomoka, kama vilima vya Bududa, mashariki mwa Uganda, vinavyoporomoka mvua inapozidi, isipokuwa kwamba mporomoko wa chini ya bahari unaweza kusukuma maji na kuzaa tsunami. Nje ya pwani ya Norway, takriban miaka 8,200 iliyopita, mporomoko unaojulikana kwa jina la Storegga ulisomba maelfu ya kilomita za ujazo za mashapo, na alama za tsunami yake zimepatikana hadi Scotland. Kwa muda mrefu wataalamu waliishuku hidrati kuwa ndiyo iliyoulegeza mteremko ule. Leo wengi wao wanaona kwamba tetemeko la ardhi ndilo lililouangusha, na nafasi ya hidrati bado inajadiliwa. Naeleza hivyo kwa uwazi kwa sababu wapo wanaoitaja Storegga kana kwamba kesi ilikwisha kuamuliwa. Ukweli ulio wazi bila kesi hiyo unatosha: kuyeyusha hidrati hudhoofisha ardhi iliyoishika, na miteremko ya mabara ndiko hidrati iliko.

Hatari ya pili ni gesi kuponyoka. Hapa pia lazima tuwe waadilifu, kwa sababu hofu inayotangazwa zaidi, kwamba bahari itachemka kwa mapovu na hewa yote ijae methani, haiko karibu kama inavyosemwa. Methani inayovuja kwenye sakafu ya bahari yenye kina kirefu huyeyuka ndani ya maji, na sehemu kubwa huliwa na bakteria kabla haijafika juu. Lakini bakteria hao hutumia oksijeni ya maji na kuacha hewa ya ukaa, ambayo huyafanya maji kuwa na asidi zaidi. Viumbe wa vilindini ndio wanaolipa. Njia fupi kutoka tabakani hadi hewani ni kisima chenyewe na mabomba yake, na uvujaji wa aina hiyo haupiti kwenye bakteria wowote. Mabomba nayo yana ugomvi wa zamani na hidrati: mwaka 1934 mhandisi wa Marekani, Hammerschmidt, alionyesha kwamba ndiyo iliyokuwa ikiziba mabomba ya gesi, na mwezi Mei 2010, baada ya mlipuko wa kisima cha mafuta kwenye Ghuba ya Meksiko, kuba kubwa la chuma lililoshushwa kukusanya mafuta yaliyokuwa yakivuja lilishindwa kazi kwa sababu hidrati iliganda ndani yake.

Kuna pia viumbe ambao makazi yao ni barafu hiyo. Mwaka 1997 watafiti waliogundua donge la hidrati kwenye sakafu ya Ghuba hiyohiyo ya Meksiko walilikuta limejaa minyoo ya rangi ya waridi, iliyojichimbia vijishimo na kuishi humo gizani. Kuzunguka mahali gesi inapochuruzika kuna kome na minyoo mirefu wanaoishi kwa kutegemea bakteria wanaokula methani au kemikali nyingine zinazochuruzika hapo, bila kuhitaji jua hata kidogo. Sijui namna ya kuweka bei juu ya viumbe kama hao. Naona tu kwamba hesabu yoyote ya faida isiyowataja haijakamilika.

Basi, tukirudi kwenye swali letu la msingi: hidrati ya vilindini ikiachwa, itafanya nini? Iliyo nyingi itabaki ilipo, kama ilivyobaki kwa maelfu ya miaka, maadamu maji ya vilindi hayajapata joto la kutosha kuifikia. Ni kaboni iliyowekwa akiba. Wanaoitetea husema kwamba gesi ikichomwa hutoa takriban nusu ya hewa ya ukaa ya makaa ya mawe kwa nishati ileile, na hilo ni kweli. Lakini nusu hiyo itakuwa nyongeza mpya, na faida yake yote hupotea ikiwa sehemu ndogo tu ya methani itavuja njiani.

Uganda haina bahari, na wengi watauliza hili linatuhusu nini. Linatuhusu kwa njia mbili. Sisi ni wanachama wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao unasema kwamba rasilimali za sakafu ya bahari iliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote ni urithi wa wanadamu wote, na unazitaja waziwazi nchi zisizo na pwani. Hata hivyo hidrati nyingi iko karibu na kingo za mabara, ndani ya maili 200 za nchi zenye pwani, kwa hiyo sauti yetu katika jambo hili ni ndogo kuliko mkataba unavyoweza kumfanya mtu aamini. Njia ya pili haihitaji mkataba. Barafu ya milima ya Rwenzori imekuwa ikipungua tangu ilipopimwa na msafara wa Kiitaliano mwaka 1906, na watu wa Kasese, walio chini ya milima hiyo, hawakuulizwa ni gesi ya nchi gani inayoiyeyusha.

Ziwa lililo jirani

Ziwa Kivu liko kati ya Rwanda na Kongo, na wafanyabiashara wa Kisoro wanalijua kwa sababu Goma na Gisenyi ziko ukingoni mwake. Kina chake kinafikia mita 485. Katika vilindi vyake kumeyeyuka takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za hewa ya ukaa, zinazoshikiliwa huko chini kwa sababu maji ya chini ni mazito, yenye chumvi nyingi, na hayachanganyiki na ya juu. Hewa ya ukaa hutoka kwenye volkano zilizo jirani; methani hutengenezwa na vijidudu, sehemu kutokana na hewa hiyo na sehemu kutokana na mabaki ya viumbe yanayozama.

Kinacholitofautisha ziwa hili na bahari ya Nankai ni kwamba hakuna hakika kuwa kuliacha ni salama. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun, ambalo ni dogo mno likilinganishwa na Kivu, lilitoa ghafla hewa ya ukaa iliyokuwa imeyeyuka chini yake. Hewa hiyo, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ikatambaa mabondeni usiku na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Karibu watu milioni 2 wanaishi kuzunguka Kivu. Kwa sasa gesi iliyomo ni kama nusu tu ya kiasi ambacho kingelifanya ziwa lifoke lenyewe, na lava ya volkano ya Nyiragongo iliyoingia ziwani pale Goma mwezi Januari 2002 haikuzisumbua safu za chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa methani inaongezeka. Vipimo vya karibuni havikuthibitisha ongezeko hilo. Hakuna sababu ya kumtia mtu hofu ya kulala Goma leo. Lakini gesi iliyo chini ya miguu ya watu milioni 2, kando ya volkano hai, haiwezi kuitwa akiba iliyolala kwa namna ileile.

Uchimbaji wake nao ni mwepesi kwa kushangaza. Bomba linashushwa hadi mita 350 hivi, maji yanavutwa kidogo, na yanapopanda mgandamizo unapungua, gesi inatoa mapovu, na mapovu yenyewe yanaendelea kuyainua maji bila kusukumwa, kama soda iliyotikiswa. Kisha methani hutenganishwa na hewa ya ukaa kwa kuoshwa na maji. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilitumia gesi hiyo tangu miaka ya 1960, na baada ya KivuWatt umejengwa mtambo mwingine mkubwa zaidi upande huohuo wa Rwanda. Hatari iko kwenye maji yanayobaki. Yakirudishwa juu mno, yatapeleka virutubisho na chumvi mahali ambapo dagaa wa ziwa wanaishi na yatazidhoofisha safu zinazozuia gesi. Yakirudishwa kwenye kina kinachofaa, safu hubaki imara. Kwa hiyo usalama wa Kivu unategemea nidhamu ya kila mwenye mtambo, katika nchi mbili ambazo mahusiano yao si mazuri, na mtambo mmoja mzembe unaweza kuharibu kazi ya yote.

Kwa Mganda, methani ya Kivu inaweza kufika kama umeme tu, kwa kununuliwa kutoka kwa jirani. Hapo lazima tuulize kama umeme ndio tunaoukosa. Bwawa la Karuma peke yake lina uwezo wa megawati 600, Bujagali 250. Kinachopungua katika nyumba nyingi za Uganda ni moto wa kupikia, kwa kuwa idadi kubwa mno ya familia bado inapika kwa kuni na makaa, hata baada ya amri ya rais ya Mei 2023 iliyopiga marufuku biashara ya makaa kaskazini mwa nchi. Umeme wa Kivu ni jambo jema kwa Rwanda na, siku amani itakapotulia, kwa Kongo. Kwetu hautoshi kuwa jibu la jikoni.

Zizini

Sasa kwenye kinyesi ambacho mzee wangu alikidharau. Samadi ikirundikwa ikalowa na kukosa hewa ndani yake, hutoa methani yenyewe, upende usipende. Hapo jibu la swali letu ni wazi kuliko kwingine kote: gesi hii ikiachwa, itaponyoka. Mtambo wa bayogesi huiziba njia hiyo na kuielekeza jikoni. Ni tangi lililojengwa chini ya ardhi kwa matofali na saruji, lenye kuba juu. Samadi huchanganywa na maji kwa kiasi kilicho sawa, bakteria huila bila oksijeni, gesi yenye methani ya asilimia 50 hadi 70 hukusanyika chini ya kuba, na tope linalosukumwa nje huwa mbolea ambayo migomba na viazi huipenda kuliko samadi mbichi.

Vipimo vyake ni vya kibanda, si vya meli. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa takriban lita 40 za gesi. Jiko dogo hutumia kati ya lita 200 na 450 kwa saa. Mwenye kilo 25 za samadi kila siku atapata lita 1,000 hivi, zinazotosha kupika chai, posho (yaani ugali) na mboga ya mchana na jioni, ingawa maharagwe makavu yasiyolowekwa yatammalizia gesi. Kilo hizo 25 ni za ng'ombe wawili au watatu wanaolishwa bandani. Ng'ombe anayechungwa nje mchana kutwa huacha zaidi ya nusu ya mali hiyo malishoni, na hapo ndipo mitambo mingi hufa: imejengwa kwa hesabu ya ng'ombe, haikujengwa kwa hesabu ya kilo zinazofika tangini.

Kisoro ina tatizo lake mahususi, na watu wanaouza mitambo hawalisemi kila mara. Bakteria hawa hupenda joto la nyuzi 35 hivi, na joto likishuka chini ya nyuzi 15 hulegea sana. Mji wetu uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za makoti. Tangi likizikwa vizuri, likafukiwa udongo wa kutosha na kuwekwa mahali penye jua, huhimili. Lakini mtu wa hapa anapaswa kujenga tangi kubwa kidogo kuliko mtu wa Soroti, kwenye joto zaidi, mwenye ng'ombe walewale, kwa kuwa samadi itahitaji siku nyingi zaidi humo ndani.

Mimi mwenyewe nilijengewa mtambo na fundi ambaye hakuijaribu kuba kwa kuijaza hewa kabla ya kuifukia. Kwa mwaka mzima tulidhani ng'ombe wetu hawali vizuri, kumbe gesi ilikuwa inatoka kwenye ufa usioonekana, na mke wangu akaendelea kununua makaa huku tukijisifu kwa wageni kwamba tunapikia bayogesi. Kilichonisikitisha baadaye hakikuwa fedha. Ni kuelewa kwamba mtambo unaovuja ni mbaya kuliko samadi iliyotandazwa shambani, kwa sababu tulikuwa tumewatengenezea bakteria nyumba bora ya kuzalisha methani, kisha tukaiachia hewani. Kosa la bahari ya Nankai na kosa la ua wangu, kwa kipimo hicho, ni la aina moja, ila langu liliweza kuzibwa kwa mfuko wa saruji na siku mbili za kazi. Na yeyote atakayeziba ufa kama huo asiingie tangini kamwe kabla halijafunguliwa na kupata hewa kwa muda mrefu, kwa sababu gesi iliyobaki humo haina oksijeni na ina sumu yenye harufu ya yai bovu. Watu hufa humo kimyakimya.

Nani achague nini

Familia yenye ng'ombe wawili au zaidi bandani, na maji karibu, ichague bayogesi bila kusita, kwa sharti kwamba fundi aijaribu kuba mbele ya macho yao kabla ya kufukia. Shule ya bweni yenye ng'ombe wachache inaweza kuunganisha vyoo vyake na tangi, na itaokoa lori la kuni. Ila hapo msimamizi wa mtambo awe mtu mmoja anayejulikana kwa jina, maana kazi ya wote huwa haina mwenyewe. Familia isiyo na ng'ombe hata mmoja isishawishiwe kujenga. Kwao jiko la gesi ya mtungi au la umeme ni bora kuliko tangi tupu.

Mtu wa mjini hana zizi, lakini ana taka. Jalala la Kiteezi lililoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30 lilikuwa limepokea kwa miaka mingi maganda ya matoke na mabaki ya vyakula vya Kampala nzima, vitu ambavyo vikifukiwa bila hewa hutoa methani ileile. Diwani anayetafuta mradi wa nishati katika jiji, na ambaye amesikia habari za barafu ya baharini, anayo gesi inayoponyoka ndani ya mipaka ya eneo lake mwenyewe. Kutenganisha taka zinazooza sokoni, kabla hazijapakiwa, ndiyo kazi ngumu zaidi ya mradi huo.

Kwa serikali, Ziwa Kivu linastahili kuungwa mkono ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Rwanda na Kongo zote mbili zimo, hasa katika kudai kanuni moja ya kina cha kurudishia maji. Hidrati ya baharini, kwa maoni yangu, ipingwe kama mafuta ya kibiashara, huku utafiti wake ukiachwa uendelee, kwa kuwa tunahitaji kujua jinsi inavyoitikia bahari inapopata joto. Msimamo wangu ungebadilika mahali pamoja tu: pale ambapo ingethibitishwa kwamba tabaka fulani linayeyuka lenyewe na gesi yake inafika hewani. Hapo hidrati hiyo ingekuwa imehama upande, ikawa kama samadi.

Mzee aliyeuliza swali ana ng'ombe watatu. Nilipokwenda kwake wiki iliyofuata niliwakuta wawili wakichungwa na mjukuu kwenye mteremko wa mlima Muhabura, na wa tatu akiwa amefungwa kwenye mti nyuma ya nyumba, ardhi chini yake ikiwa tope tupu. Tulipima kwa ndoo kilichopatikana tangu asubuhi, hakikufika kilo 6. Nilimwambia asichimbe shimo la tangi bado. Aanze na banda lenye sakafu ya saruji, lenye mwinamo kidogo kuelekea upande ambao tangi litakaa, apande majani ya malisho kwenye matuta yake, kisha tupime tena ndoo hiyo baada ya mvua za Machi.